Kompyuta ya Dada Ilipogoma

Mama ndiye aliyechomoa waya. Sisemi hivi kumlaumu. Yeyote aliyelelewa Kanyangi angefanya vilevile. Mvua ya Novemba kwetu haianzi kwa manyunyu. Hutanguliwa na upepo wa vumbi, kisha ngurumo, na ngurumo ya kwanza ikisikika kila mtu hukimbilia soketi. Redio, televisheni, chaja za simu, vyote hutolewa ukutani. Jirani yetu aliwahi kuunguliwa na friji na televisheni kwa mpigo mmoja, na tangu hapo hakuna anayefanya mzaha na radi. Basi mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapita mbele ya baba sebuleni, akachomoa waya wa kompyuta.

Baba alikuwa amekaa pale pale akisubiri. Skrini ilikuwa na maandishi meupe yakisema mfumo unasasishwa na mtu asizime kompyuta.

"Imeandikwa isizimwe!" baba akapaza sauti.

"Radi haisomi," mama akamjibu, akarudi kwenye sufuria yake.

Haya nilisimuliwa na wote wawili jioni ile, kila mmoja kwa simu yake, kila mmoja akinitaka niwe shahidi wake. Mimi naishi Kiboko, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako nauza mbegu na dawa za mimea katika duka la pembejeo. Kompyuta ya duka ikigoma ni mimi ninayehangaika nayo, kwa hiyo nyumbani wananihesabu kuwa fundi. Nilimwambia baba asijali, mvua ikiisha arudishe waya, awashe, itaendelea ilipoachia. Niliamini hivyo kwa dhati.

Lazima niseme kompyuta hii ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu Mbumbuni, upande wa Makueni, na katika kanisa la huko alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipougua alirudi nyumbani kwa mama, na alipofariki, mjomba wetu alikwenda na pikapu kuleta vitu vyake: kitanda, meko ya gesi, masanduku ya vitabu, na kompyuta ya mezani iliyofungwa ndani ya blanketi. Vitu vingine viligawanywa kama ilivyo desturi. Kompyuta hakuna aliyeiomba. Baba akaiweka sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya redio, akaanza kujifunza mwenyewe. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba kabla ya kustaafu, na vidole vyake vilikuwa vimezoea taipureta, kwa hiyo kibodi haikumtisha. Alichapa kumbukumbu za vikao vya kanisa, akachapa barua za watu wa kijiji. Na jioni, kabla ya chakula, alivaa spika za masikioni akakaa kimya mbele ya skrini. Sote tulijua anasikiliza nini. Dada alikuwa amerekodi mazoezi ya kwaya yake Mbumbuni, na humo ndimo sauti yake ilimobaki. Simu aliyorekodia ilishapotea. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Kuhusu sasisho lenyewe, baba ni mtu wa kutii matangazo. Kompyuta ilikuwa ikimwambia kwa wiki nyingi kwamba mfumo wake umezeeka na utaacha kutunzwa, na kwamba kuna mpya. Akakubali, kama ambavyo angekubali tangazo la chifu kuhusu chanjo ya mbuzi.

Siku iliyofuata alinipigia nikiwa kazini.

"Mwaitu, haifunguki."

Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Unaona nini kwa skrini, baba?"

"Naona vidoti. Vinazunguka, vinafukuzana kama vifaranga."

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu chai ya asubuhi."

Baadaye vidoti vikaisha, akanisomea maneno ya Kiingereza kwa ile sauti yake ya kusoma somo kanisani: kompyuta inajitayarisha kujirekebisha. Ikajitayarisha. Ikazima. Ikawaka tena, ikajitayarisha upya. Nilimwambia abonyeze swichi na kuishikilia mpaka izime kabisa, achomoe waya, angoje, arudishe. Tulifanya hivyo mara kadhaa, mimi nikiwapimia wateja mbegu za pojo huku simu nimeibana begani. Mwishowe ikaleta ukurasa wenye machaguo.

"Hapa kuna mahali imeandikwa niirudishe ilivyokuwa mwanzo," baba akasema. "Nikibonyeza itapona?"

"Usibonyeze!"

Mteja aliyekuwa mbele yangu aliruka. Nikamwomba radhi, nikatoka nje ya duka.

"Baba, mwanzo maana yake ni kabla mtu yeyote hajaweka kitu ndani. Usibonyeze hapo."

"Naondoa mkono," akasema polepole. "Naizima. Njoo wewe mwenyewe."

Kabla ya mimi kufika alikwenda sokoni kumwuliza fundi wa simu na kompyuta. Fundi alimwambia ukweli: ailete, ataifomati, itakuwa kama mpya. Baba akauliza kufomati ni nini. Alipoelezwa kwamba ni kufuta kila kilichomo alimshukuru fundi, akarudi nyumbani, na kutoka siku hiyo akawa anafunga mlango wa sebule kwa ufunguo akienda shambani, asije mtu mwenye nia njema akamsaidia.

Niliomba ruhusa ya Jumamosi. Nilibeba laptopu ya duka na flashi mbili nilizoziandaa. Moja ilikuwa na mfumo mpya wa kusakinisha. Nyingine ilikuwa na mfumo mdogo wa bure ambao huendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe, bila kugusa chochote kwenye diski ya kompyuta. Nilijifunza mambo hayo mwaka ambao kompyuta ya duka ilituangusha katikati ya msimu wa kupanda. Nilipitia Kibwezi, nikashika lami ya kuelekea Kitui, kisha nikaiacha na kuingia udongo mwekundu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimefika nyumbani.

Nyumbani palikuwa pamenyamaza. Baba alinipokea mfuko, akauliza habari za njia, akaenda moja kwa moja kufungua sebule. Mama alikuwa jikoni akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Alinimwagia maji ya kunawa mikono, na huku akimimina akauliza bila kuniangalia:

"Nimeiua?"

"Nini, mama?"

"Ile mashine."

"Mashine haifi hivyo."

"Baba yako hajasema kitu. Anasema asante kwa chakula, anasema usiku mwema. Afadhali angenigombeza."

Sikujua kama kilichomo ndani ya kompyuta kilikuwa kimebaki au la. Nikamwambia tu kwamba kukata stima katikati ya sasisho ni kama kumshusha fundi aliye juu ya paa amebomoa mabati ya zamani na hajapigilia mapya. Nyumba haikaliki, lakini vyombo bado vimo ndani.

"Na mvua ikinyesha kabla hajapigilia?" mama akauliza.

Nikaingia sebuleni.

Kwanza nilijaribu njia ya heshima. Nilifika kwenye ule ukurasa wa marekebisho, nikachagua iondoe sasisho la mwisho na kurudi kwenye mfumo wa zamani. Ilifikiri kwa muda mrefu, kisha ikasema haikuweza. Nikaiomba irekebishe namna inavyowaka. Haikuweza. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliyemleta mgonjwa hospitali.

Nikachukua ile flashi ya mfumo mdogo. Hapo napo tulikwama, maana ili kompyuta iwake kutoka kwenye flashi lazima ubonyeze kitufe fulani mapema, kabla haijaanza vidoti vyake, nami nilikibonyeza mpaka kidole kikauma bila kuona tofauti. Nilidhani nachelewa. Nikabonyeza mapema zaidi. Bure. Kisha nikagundua kibodi haikuwa na taa wakati ule wa mwanzo. Ilikuwa inapata uhai baadaye. Niliivuta kompyuta kutoka ukutani, nikakuta vumbi na mjusi aliyekauka, nikahamisha waya wa kibodi kutoka tundu la mbele hadi la nyuma. Nikawasha. Safari hii kitufe kikakubali.

Mfumo mdogo ukafunguka, rangi zake ngeni kabisa kwa baba.

"Hii si kompyuta yetu," akasema.

"Ni ileile, baba. Tumeingilia mlango wa nyuma."

Nilitafuta diski, nikaibonyeza. Ikakataa kufunguka. Ujumbe ukaeleza kwamba mfumo uliokuwemo haukuzimwa vizuri, na kwamba naweza kuruhusiwa kusoma tu, nisiandike kitu. Kusoma kulinitosha. Nilijibu ndiyo, na folda zikajipanga mbele yetu, moja baada ya nyingine: mitihani ya kidato cha pili, picha, barua za watu wa kijiji, kumbukumbu za vikao, kwaya.

Baba alisimama akaja nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilisikia pumzi yake.

"Vyombo viko ndani," nikasema kwa sauti, ili mama asikie jikoni.

Mama alikuja akasimama mlangoni, akijifuta mikono kwa leso. Nyuma yake, kupitia mlango wa nje, niliona mbingu imebadilika rangi upande wa Mto Athi. Upepo ulianza kupeperusha nguo kwenye kamba.

Nikachomeka flashi nyingine tupu niliyokuwa nayo kwenye pochi, nikaanza kunakili kila kitu kwa pamoja. Kompyuta ile ni nzee na matundu yake ni ya polepole. Iliniambia itamaliza baada ya dakika chache, kisha ikabadili mawazo ikasema saa kadhaa. Ngurumo ya kwanza ikasikika, mbali bado.

Sote watatu tuliangalia soketi.

"Haitamaliza yote kabla ya mvua," nikasema. "Lazima nichague cha kuanza nacho. Baba, nianze na nini? Kumbukumbu za vikao?"

Baba akakohoa. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kusema bila kuonekana mtu anayependelea.

"Anza na kwaya," mama akasema. "Ndani ya kwaya kuna ya mazoezi ya Jumamosi. Hiyo ndefu. Anza na hiyo."

Baba akageuka. "Wewe unaijua hiyo?"

"Naijua."

"Unaijuaje?"

Mama akakunja leso, akaikunjua. "Wewe ukienda shambani asubuhi, mimi huifungua. Nilikuona unavyofungua. Nasikiliza, naifunga, naenda kwa kuku."

"Miaka hii yote?"

"Siku ambazo kuna stima."

Mimi nilisimamisha kazi ya kwanza, nikaingia folda ya kwaya, nikakuta faili la mazoezi ya Jumamosi, nikaanza kulinakili peke yake, kisha mengine ya folda hiyo yalifuate. Ule mstari wa kijani ulianza kutambaa. Ngurumo ya pili ilikuwa karibu, na madirisha yakatetemeka.

"Sasa?" mama akauliza. Alikuwa tayari amesogea hadi ukutani.

"Bado."

Matone ya kwanza yalianguka juu ya mabati, makubwa, yametengana.

"Sasa?"

"Bado kidogo, mama."

Baba hakumwambia asiguse. Alimwendea akasimama kando yake, pale ukutani, wakaangalia mstari wa kijani pamoja. Ulipofika mwisho nikatoa flashi kwa utaratibu wake, bila kuivuta tu, nikazima kompyuta, nikasema, "Chomoa."

Mama akachomoa. Baada ya muda mfupi radi ikapiga mahali fulani nyuma ya kilima, na mvua ikatufunika.

Nilichomeka flashi kwenye laptopu iliyokuwa na chaji, nikafungua lile faili. Halikusikika. Mtu asiyeishi chini ya mabati hajui kelele ya mvua ya Novemba. Hata ukimpigia kelele mtu aliye karibu nawe anaona mdomo wako tu. Tulikula muthokoi bila kuongea, tukanywa chai. Baba alipeleka ndoo nje kukinga maji ya paa, akarudi amelowa. Mwishowe mvua ikapungua ikawa manyunyu, na nikabonyeza tena.

Kwanza ni kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Kisha dada yangu anahesabu ili waanze pamoja. Kwaya inaingia, lakini alto wanatangulia kabla ya wakati wao, na dada anaanza kucheka. Anacheka hasa, kile kicheko chake cha kupanda juu na kukatika. Anasema, "Hapana, hapana! Alto, mnakimbilia wapi? Tuanze tena mwanzo." Baada ya hapo wanaimba wimbo wote, beti zote, na sauti yake inasikika juu ya nyingine kwa sababu simu ilikuwa karibu naye.

Mama alikuwa amefumba macho. Baba aliangalia sakafu. Wimbo ulipokwisha akasema:

"Mimi huruka pale mwanzo. Huanzia wanapoimba."

"Kwa nini?" mama akamwuliza.

"Kile kicheko sikiwezi."

"Mimi kicheko ndicho ninachofuata," mama akasema. "Wakianza kuimba naifunga. Nikiusikia wimbo nakumbuka siku ile walivyouimba hapa kwa boma." Alimaanisha siku ya mazishi, kwaya ya Mbumbuni ilipokuja na sare zao.

Basi walikuwa wamegawana faili moja kwa miaka, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na hakuna aliyewahi kusikiliza nusu ya mwenzake. Mama alisema nirudie tangu mwanzo. Baba hakutoka. Kile kicheko kilipofika aliweka mkono juu ya uso, na mama akamshika goti, na mimi nikaenda nje kuangalia kama mifereji imeziba, ingawa nilijua haijaziba.

Kesho yake, tuliporudi kutoka ibadani, anga lilikuwa jeupe na stima ilikuwepo. Nilirudi kwenye mlango wa nyuma nikanakili yaliyobaki, mitihani, picha na barua zote, nikahakikisha yanafunguka kwenye laptopu. Hapo ndipo nilipochukua ile flashi ya mfumo mpya na kufanya alichotaka kufanya fundi wa sokoni. Nilifuta diski, nikasakinisha mfumo mpya kutoka mwanzo. Sikuona sababu ya kuendelea kubishana na paa lililobomolewa nusu. Baba aliangalia kila hatua na kuuliza maswali, na kila iliposema itajizima na kujiwasha aliinuka kidogo kwenye kiti.

Katikati ya kazi iliuliza jina la mwenye kuitumia. Nikasita. Tangu ije pale nyumbani, kila ilipowaka ilikuwa ikiandika karibu, kisha jina la dada yangu. Baba hakuwahi kulibadilisha na sisi hatukuwahi kumwambia alibadilishe. Nikamwuliza kama niliandike lilelile.

Alifikiri. Akamwita mama kutoka nje, akamweleza inachouliza.

"Andika lako," mama akasema. "Si ni wewe unaifungua."

"Na wewe unaifungua."

"Basi andika yetu."

Baba akavuta kibodi kwake. Akaandika kwa vidole vyote, kikarani, Baba na Mama, akasoma alichoandika, akabonyeza.

Nilirudisha folda zote mahali zilipokuwa, nikawaachia flashi moja yenye nakala, ambayo mama aliiweka ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Nakala nyingine niliondoka nayo kwenye laptopu. Baba aliuliza kama kompyuta itadai masasisho tena. Nikamwambia itadai, kila mwezi au zaidi, na hakuna namna ya kuyakataa milele, bali achague asubuhi isiyo na mawingu, aianze baada ya chai. Mama akasema atakuwa akitoka nje kuangalia anga kwanza, na kabla yeye hajasema sawa mtu asibonyeze. Baba akakubali.

Nilirudi Kiboko jioni hiyo na kesho yake nikafungua duka kama kawaida. Katikati ya wiki baba alinipigia kulalamika kwamba printa haitambuliki tena, na kwamba ana barua tatu za watu zinazosubiri. Tulikuwa bado tunatafuta printa kwenye orodha niliposikia kwa nyuma mama akimwambia akimaliza na mimi asivae zile spika za masikioni, aziache, atumie zile kubwa ili wote wasikie.

"Zile kubwa zinakwaruza," baba akamjibu.

"Wacha zikwaruze."

"Subiri kidogo, mwaitu," baba akaniambia, akaweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia kiti kikivutwa karibu, kisha kingine.